Kisigino kinachouma asubuhi: kale kamfupa kwenye picha sio adui yako

Haya wapendwa, leo naandika kuhusu kisigino maana maswali yamekuwa mengi, hasa kwa sisi tunaosimama kutwa nzima, walimu, mama lishe, wauza maduka, manesi, mafundi, walinzi wa getini. Mimi ni mwalimu, nasimama kwenye sakafu ya sementi kuanzia asubuhi hadi mchana, na kisigino cha kulia kimenitesa muda mrefu hadi nikawa nashuka kitandani kwa kushika ukuta. Sasa hivi natembea vizuri. Nataka niseme nilichojifunza kwa daktari wa mifupa na kwa yule dada wa fiziotherapi aliyenishughulikia kwa upole mno, Mungu ambariki.

Kwanza dalili yenyewe, ili ujue kama tunazungumzia kitu kimoja. Unaamka, unakanyaga chini, hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari, uchungu uko chini ya kisigino kuelekea upande wa ndani wa mguu. Ukitembeatembea kidogo kunalegea, unasema afadhali, ukikaa nusu saa ukinyanyuka tena ni yaleyale, na jioni baada ya kusimama sana panawaka upya. Ukienda hospitali unapigwa eksirei, unaonyeshwa kamfupa kamechomoza kwenye kisigino kwa chini, unaambiwa mama una mwiba wa kisigino. Na hapo ndipo watu wengi tunapopotezwa, maana ukishaona ile picha akili yote inahamia kwenye kamfupa, unaanza kujiuliza kataondokaje, nani ana dawa ya kukayeyusha.

Nisikilizeni hapa vizuri. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, mnene, unaanzia kwenye mfupa wa kisigino unaenda mpaka kwenye vidole, huo ndio unaoshikilia lile tao la mguu. Ukielemewa kila siku, kwa kusimama sana, kwa uzito, kwa kiatu kibaya, kwa kukimbia bila kuzoea, unachoka na kuchanikachanika kidogokidogo pale unapojishikiza kwenye kisigino. Usiku mguu umelala umejikunja, ule utando unafupika, asubuhi unaukanyagia ghafla na uzito wako wote, ndio ule uchungu wa hatua ya kwanza. Kile kifupa ni mwili umejijengea taratibu palepale penye mvutano wa muda mrefu. Kuna watu wengi tu wana kifupa hicho na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na kuna wengine wanalia na kisigino halafu picha haina kitu. Mimi mwenyewe baadaye niliteguka kifundo nikapigwa picha nyingine, kifupa bado kipo palepale, na kisigino hakiniumi!! Kwa hiyo usihangaike na kifupa, hangaika na utando na vile unavyoubebesha.

Ndio maana naumia nikiona matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp ya chai ya kuyeyusha mifupa iliyoota. Ule ni mfupa kama mifupa yako mingine, chai ambayo ingeweza kuuyeyusha huo ingeacha mingine kwa utaratibu gani? Kuna mama mmoja jirani yangu aliambiwa aache maziwa na dagaa kwa sababu eti kalisi imezidi ndio inaota kisiginoni, mtu mzima wa miaka yake anahitaji kalisi kuliko mimi, akaacha kwa woga. Kifupa hakiletwi na maziwa. Wengine wanaambiwa ni gauti waache nyama, sasa gauti mara nyingi inaanzia kwenye kidole gumba, kinavimba kinakuwa chekundu cha moto hata shuka ukiligusisha unapiga kelele, ni jambo jingine na vipimo vyake vipo. Kukanda na maji ya chumvi ya uvuguvugu sina ugomvi nako, kunatuliza, ila usitegemee ndio tiba. Na mwenye kisukari asiweke miguu kwenye maji ya moto wala barafu bila kumuuliza daktari, maana miguu ikiwa na ganzi unaungua na hujisikii.

Sasa tuje kwenye kilichosaidia. Cha kwanza ni kabla hujakanyaga chini asubuhi. Kaa kitandani, mguu unaouma uweke juu ya goti la mwenzake, shika vidole vyote kwa mkono uvivute kuelekea kwako mpaka ukipapasa unyayo kwa kidole gumba cha mkono mwingine unausikia ule utando umekaza kabisa. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10. Halafu ndio ushuke. Rudia tena mchana na jioni, na hasa kabla ya kunyanyuka ulipokaa muda mrefu, iwe msibani kwenye mkeka, iwe kwenye basi la mkoani, iwe umemaliza kusahihisha madaftari. Kama unawahi swala ya alfajiri amka dakika chache kabla ufanye hili kwanza.

Usitembee peku ndani. Najua kwetu viatu vinaachwa mlangoni na ni adabu, mimi pia sipendi kiatu cha barabarani kwenye zulia langu, ila nunua ndala za ndani tu, zenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, uziweke pembeni ya kitanda. Tailizi ni ngumu mno kwa kisigino kilichochoka. Na zile ndala nyembamba zilizokwisha ambazo unaihisi kokoto ukiikanyaga, pamoja na zile simpo flati kabisa tunazovaa akina mama, ziweke pembeni kwa sasa.

Kuhusu viatu nikae kidogo maana hapa ndipo hela zinapotea. Wengi wetu tunanunua mtumba, mimi raba zangu nilizitoa soko la mitumba la Karume, Dar, na mtumba mzuri unakishinda kiatu kipya cha bei hiyohiyo, lakini lazima ujue kukagua. Kishike kiatu, bonyeza ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, iwe ngumu, isijikunje kwa vidole viwili. Kikunje: kinatakiwa kipinde pale vidole vinapoanzia, kama kinakunjika katikati rudisha. Jaribu kukinyonga, huku mbele huku nyuma, kisikubali kirahisi. Ingiza mkono ndani ubonyeze kisigino kwa gumba, ule usponji wa ndani urudi juu, ukibaki umebonyea basi huo umekufa hata kama kwa nje kinang'aa na muuzaji amekisafisha kwa mswaki mpaka cheupe. Mwisho kiweke juu ya meza ya muuzaji, inama ukiangalie kwa nyuma usawa wa macho, kama kimelala upande mmoja ujue mwenye nacho wa kwanza alikikanyagia hivyo na wewe utalazimishwa kutembea mwendo wake. Muuzaji akikasirika mwache akasirike, nenda meza ya pili. Soli laini za kuweka ndani ya kiatu zinasaidia pia, za kawaida tu za dukani zinatosha kuanzia, zile za kutengenezewa kwa vipimo ni ghali na sio lazima kwa kila mtu.

Mazoezi ya kigimbi yanafuata, kwa sababu kigimbi kikikaza kinauvuta mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino na mzigo unaenda palepale. Simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kisinyanyuke, goti limenyooka, egemea mbele sekunde 30, halafu rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Mara kadhaa kwa siku. Hata nyuma ya darasa wanafunzi wakiwa wanaandika unafanya.

Halafu kuna zoezi la nguvu, na hili ndilo naona lilinigeuza kabisa. Simama kwenye ngazi, kunja kanga au taulo iwe roli, weka chini ya vidole ili vidole viwe vimeinuka, visigino vining'inie nje ya ngazi, shika ukuta. Inua visigino taratibu kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, vishushe kwa sekunde 3. Siku moja fanya, siku inayofuata pumzika. Anza na miguu yote miwili, ukizoea fanya kwa mguu mmoja, ukizoea zaidi beba begi lenye vitabu mgongoni. Watafiti wa Denmark walilichapisha mwaka 2014, waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 3 kuliko walionyoosha tu, ingawa kufikia mwaka makundi yote yalikuwa yamekaribiana. Litauma kidogo wakati wa kufanya na hiyo sio shida, kipimo ni kesho yake asubuhi, ukiamka hatua ya kwanza ni mbaya kuliko jana basi ulizidisha, punguza.

Jioni nikitoka kazini nilikuwa nagandisha maji kwenye chupa ya nusu lita, naizungushia kitambaa halafu naiviringisha chini ya unyayo dakika kama 15 nikiangalia taarifa ya habari. Kazini niliomba kiti na nikaweka kipande cha zulia pale ninaposimama mbele ya ubao. Na uzito, tuseme ukweli kwa upendo, ukipungua hata kidogo kisigino kinashukuru, ila usianze kukimbia ili upungue wakati kisigino kinauma, tumia baiskeli au kuogelea kama unapata, na punguza sahani.

Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza maumivu kwa muda, lakini watu wanazimeza kila siku kwa miezi kama karanga, jamani, kuna vidonda vya tumbo, kuna figo, kuna presha. Siku chache tu, umekula, na kama una hayo matatizo uliza kwanza. Sindano ya steroidi, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe, ikichomwa kisiginoni inaweza kukupa nafuu ya wiki kadhaa na wengine wanaihitaji kweli, ila ikirudiwarudiwa inaweza kupunguza lile tabaka la mafuta linalokinga kisigino na hata kuchangia utando kukatika, kwa hiyo mwulize daktari maswali kabla hujalala kitandani. Kuna pia mashine ya kupiga mawimbi ya mshtuko kisiginoni kwenye baadhi ya hospitali kubwa, hiyo ni kwa waliokaa miezi mingi bila nafuu. Upasuaji ni mwisho kabisa na wachache sana wanafika huko, wengi tunapona ndani ya miezi 6 hadi mwaka kwa haya haya ya nyumbani. Ndiyo, ni miezi. Anayekuahidi siku 3 anataka hela yako.

Nenda hospitali mapema kama kisigino kilianza baada ya kuruka au kuanguka na huwezi kukikanyagia, kama kimevimba chekundu na una homa, kama kinauma hata umelala usiku wa manane, kama kuna ganzi au moto unaosambaa kwenye unyayo. Na kijana mwenye visigino vyote viwili vinauma pamoja na mgongo kukakamaa kila asubuhi akamuone daktari, huo unaweza kuwa ugonjwa wa viungo na sio kusimama.

Kingine, ukiwa unachechemea, ule mguu usiouma ndio unabeba kazi yote, na baada ya muda nao unaanza, niliuona ukinijia. Kwa hiyo mazoezi yote niliyoyataja fanya kwa miguu yote miwili tangu siku ya kwanza, na uchungu ukiisha usiyaache palepale, endelea nayo mara chache kwa wiki.