Maswali yenu: kusomea saikolojia mpaka kushika leseni

Tangu wanafunzi waanze kuchagua kozi, maswali ya saikolojia yamekuja kwa wingi. Nimeyachambua nikabaki na haya.

Binti yangu alipata C+ kwenye KCSE na hataki kusikia kozi nyingine ila saikolojia. Babake asema ni kozi ya kukaa bure. Akimaliza shahada, atakuwa mwanasaikolojia? – Mama wa watatu, Likoni

Mamangu, C+ ndiyo alama ya chini kabisa ya kuingilia shahada, kwa hivyo mlango haujafungwa. Lakini vyuo huongeza masharti yao, basi asome ya kila chuo kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kabla ya kujaza. Shahada ni miaka minne: ukuaji wa mtoto, kumbukumbu, utafiti, na takwimu. Ndiyo, hesabu zimo, na wengi waliozikimbia sekondari hukutana nazo tena hapo.

Akitaka kukaa na mgonjwa na kumtibu, shahada peke yake haimtoshi. Ataendelea na uzamili wa saikolojia ya kliniki au ya ushauri, kwa kawaida miaka miwili, pamoja na saa za kazi na wagonjwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha uzamili wa kliniki, na USIU na Daystar wanafika hadi uzamivu. Babake naye msimtupe: mwenye shahada ya kwanza tu hupata kazi kwenye rasilimali watu, utafiti au mashirika, si kwenye chumba cha tiba. Kwa hivyo pangeni karo ya miaka sita, na kama atakwenda Nairobi, na kodi ya nyumba juu yake.

Nimefanya kozi ya ushauri nasaha ya wiki sita kwa simu, na cheti kina muhuri wa dhahabu. Nataka kukodi chumba Majengo niandike "Mwanasaikolojia" mlangoni. Kuna shida? – Kijana, Kisauni

Iko, tena kubwa. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni watu wa kazi hii. Bila usajili wa bodi, usifungue. Leseni ya biashara ya kaunti haikusaidii hapo, maana ile inakuruhusu kuendesha biashara tu. Haisemi lolote kuhusu ujuzi wako. Na muhuri wa dhahabu hata wachapishaji wa kadi za harusi wanao.

Hamu yako lakini nisiiue. Pwani ina vituo vinavyowahudumia wanaoacha heroini, na vituo vya namna hiyo huhitaji washauri rika. Anzia huko, uone kama moyo wako unaiweza kazi, kisha utafute diploma ya ushauri nasaha kwenye chuo kinachotambuliwa. Kabla hujalipa hata shilingi, uliza bodi kama inakubali vyeti vya chuo hicho.

Niko mwaka wa mwisho wa uzamili. Naambiwa nitafute msimamizi na nimlipe mwenyewe. Huu si unyonyaji? – Mwanafunzi, Bamburi

Bei nyingine ni za unyonyaji, nakubali. Usimamizi wenyewe sio, na kwangu mimi ndio moyo wa mafunzo haya yote.

Chukua mfano. Mama wa makamo anaingia, anakwambia hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, "nina mawazo tu, mwanangu". Wewe umetoka darasani na somo la hofu kichwani, unamfundisha kupumua polepole, anashukuru, anaondoka. Jioni msimamizi anasoma maandishi yako na kukuuliza: anatumia dawa gani? Amepimwa tezi ya shingo, ambayo ikizidisha kazi nayo huupeleka moyo mbio na kuufukuza usingizi? Ulimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujitoa uhai, au uliona haya kwa kuwa ni rika la mamako? Na mbona hukuandika kwamba mumewe ni jirani yenu?

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi hapa kwetu. Mombasa kila mtu ana shemeji wa kila mtu. Anayekufungulia siri leo mtakutana naye arusini Ijumaa, na hakuna kitabu kitakachokufundisha uso wa kuweka siku hiyo. Msimamizi atakufundisha, na pengine atakwambia mgonjwa huyo umpe mwenzako.

Kuhusu pesa: ulizia usimamizi wa kikundi, watu watatu au wanne pamoja, huwa nafuu. Hakikisha msimamizi mwenyewe amesajiliwa, na kila saa aitie sahihi siku hiyohiyo.

Mwanasaikolojia na daktari wa akili si mmoja? – Changamwe

La. Wa pili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea kwenye magonjwa ya akili, na yeye ndiye huandika dawa. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo. Wagonjwa wengi huwahitaji wote wawili.

Kakangu yuko Uingereza, anataka nikasome huko nirudi. – Nyali

Nenda, ila ujue leseni haisafiri. Kule mwanasaikolojia wa kliniki husoma hadi uzamivu na husajiliwa na HCPC, baraza la huko la kusajili wataalamu wa afya. Marekani kila jimbo lina leseni yake na mtihani wa EPPP. Ukirudi, shahada yako itambuliwe kwanza na mamlaka ya elimu ya hapa Kenya, kisha uende kwenye bodi kama wenzako.

Mimi ni ustadh, watu huniletea wagonjwa niwasomee. Nami nahitaji leseni? – Mji wa Kale

Ustadh, kusoma dua na kutoa nasaha ya dini hakukufanyi mwanasaikolojia, na mradi hujiiti hivyo, sioni haja ya leseni. Ombi langu ni jingine. Akiletwa mtu aliyekesha siku kadhaa akizungumza na wasioonekana, au anayesema bora afe, msomee, kisha umsindikize hospitali ya Makadara au Port Reitz siku hiyohiyo. Na aliyekwisha kupewa dawa na daktari, asiambiwe aziache mpaka daktari mwenyewe aseme.