Pini ya Praeneste si feki
Ndugu, hoja yako kwamba maandishi ya Kilatini kwenye pini ya kale ya dhahabu ya Praeneste (mji wa zamani karibu na Roma) ni ya kughushi ilikuwa na nguvu mwaka 1980, Margherita Guarducci, mtaalamu wa Kiitalia wa maandishi ya kale, alipomtuhumu kwa kughushi Helbig, mwanaakiolojia Mjerumani aliyeionyesha hadharani 1887. Hata mimi niliwahi kuiamini. Ila 2011 watafiti Formigli na Ferro waliikagua kwa hadubini ya elektroni, wakakuta fuwele ndogo mno za dhahabu hadi ndani ya mikwaruzo ya herufi. Hizo huchukua karne nyingi kujijenga, fundi wa juzi angezitoa wapi? Maandishi yenyewe, kana kwamba pini inasema, ni "Manios med fhefhaked Numasioi", yaani Manios alinitengeneza kwa ajili ya Numasios, na husomwa kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu. Na wewe unayetaka isuguliwe ing'ae, tafadhali: ukisugua, ushahidi wote unaondoka na kitambaa.