Jibu: Kurt Warner alitokaje supamaketi hadi ubingwa?

Salama mkuu? Umekwama kwenye miaka ya Warner, mchezaji wa mpira wa Marekani: 1994 timu ya Green Bay Packers inamwacha, 1999 ni kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa St. Louis Rams, katikati kuna supamaketi tu. Hata mimi ilinisumbua, kwa sababu nilikuwa natazama takwimu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, peke yake.

Anza na supamaketi, kisha ligi ya ukumbini, yaani mpira huohuo unaochezwa ndani. Kazi yake ya kupanga bidhaa ilikuwa ya usiku, duka la Hy-Vee pale Cedar Falls, Iowa, dola 5.50 kwa saa. Kuanzia 1995 hadi 1997 akachezea Iowa Barnstormers, timu ya ligi hiyo ya ukumbini, uwanja wa yadi 50, nusu ya ule wa kawaida. Pale ukichelewa kuachia mpira umeshalala chini. Kwa maoni yangu ule wepesi wa mkono aliutoa huko, si chuoni. Masika ya 1998 akaenda Amsterdam Admirals, timu ya ligi ya NFL ya Ulaya, kisha akakaa benchi Rams.

Agosti 1999 Trent Green, kwotabeki wa kwanza wa Rams, akaumia goti, Warner akaingia. Pasi 41 za tachidauni (pasi zilizoleta bao), na tuzo ya MVP, mchezaji bora wa msimu.

Angalia na tarehe: fainali ya NFL (Super Bowl) ya msimu wa 1999 ilichezwa 30 Januari 2000, ndiyo maana hesabu yako inapishana mwaka. Rams 23, Tennessee Titans 16. Ukiipata video, ile pasi ya yadi 73 kwa Isaac Bruce, mdaka pasi wa Rams, usimfuate Bruce kwanza. Mtazame Warner: Jevon Kearse wa Titans anamgonga palepale mpira ukimtoka mkononi.

Arizona Cardinals, timu aliyoichezea baadaye, ni habari nyingine, na nzuri vilevile.