Leicester ninayoijua ni ya soksi

Swali lenu la wiki hii linauliza: mji au kijiji ulichokulia kina historia gani ambayo wageni hawaambiwi? Mimi nimekulia Leicester, katikati ya Uingereza, na jibu langu kwa neno moja ni soksi. Nalirefusha kwa sababu siku hizi ukimtajia mtu wa Afrika Mashariki mji huu, atakusimulia kisa kimoja tu: Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ikatoa tangazo la kuwazuia wasije, wao wakaja vivyo hivyo, mji ukastawi, taa za Diwali zikawaka Belgrave Road, na wote wakaishi raha mustarehe. Kisa hicho ni cha kweli, kipande kwa kipande. Kasoro yake ni kwamba hakina kiwanda hata kimoja ndani yake.

Sisi hatukutoka Uganda. Tulitoka Mombasa, Februari 1968, miaka minne kabla ya hao wa Amin. Mwaka uliotangulia Kenya ilikuwa imepitisha sheria ya leseni za biashara iliyowabana wasio raia, na baba, aliyekuwa na duka la leso, alikuwa na pasipoti ya Kiingereza. London nako serikali ilikuwa mbioni. Waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan, alileta mswada wa kuwafungia mlango watu wenye pasipoti kama ya baba, ukapitishwa bungeni kwa siku tatu tu na kuanza kutumika tarehe 1 Machi. Aliyewahi ndege, kawahi. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilichofahamu ni kwamba leso zote dukani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na kwamba nyanya yangu alikataa katakata kwenda nchi ambayo hawezi kukaa barazani.

Kwa nini Leicester, si London? Kwa sababu mwamu wake baba alikuwa huko, akifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Corah, na barua yake ilisema mambo mawili: kazi zipo, hata za wanawake, na nyumba ni rahisi. Basi. Hakuna barua niliyowahi kusikia ikisomwa nyumbani mwetu iliyosema watu wa Leicester ni wakarimu, wala kwamba ni wabaya.

Corah ilikuwa mji ndani ya mji. Nathaniel Corah alianza biashara ya soksi mwaka 1815, ukoo wake ukajenga jengo kubwa la St Margaret's miaka ya 1860, na tulipofika sisi palikuwa na wafanyakazi zaidi ya 6,000, sehemu kubwa ya kazi yao ikiwa ni nguo za maduka ya Marks & Spencer. Na hicho ni kiwanda kimoja. Palikuwa na Wolsey, palikuwa na British United pale Belgrave Road iliyotengeneza mashini za viwanda vya viatu, na kati ya hivyo vikubwa vikajaa vidogo vidogo, juu ya maduka, nyuma ya makanisa, hata huku uani kwa watu. Saa za kutoka kazini, baiskeli na mabasi ya ghorofa viliziba barabara yote.

Mtaa wetu ulikuwa nyuma ya Belgrave Road: nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa enzi za Malkia Victoria kwa ajili ya watu wa viwandani, choo kikiwa nje. Waingereza vijana walikuwa wakizihama kwenda kwenye nyumba mpya za halmashauri nje ya mji, zenye bafu na bustani. Wenye kubaki walikuwa wazee. Ndiyo maana bei ilikuwa rahisi, na ndiyo maana tuliingia sisi. Baridi ilipotushinda baba alinunua jiko la mafuta ya taa, na harufu ile ndiyo iliyonifanya kwa mara ya kwanza nijione niko kwa nyanya.

Shilingi ilitusumbua. Kwetu ilikuwa na senti 100. Kwao ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 ndizo zilizofanya pauni. Tulipoanza kuizoea, tarehe 15 Februari 1971 wakaifuta na kuigawa pauni iwe peni 100. Wazee wa mtaani waliomboleza. Mama alikuwa mtu pekee niliyemwona akifurahi waziwazi. Mwaka huohuo serikali ikaondoa maziwa ya bure shuleni kwa watoto waliozidi miaka saba, na hilo nalo lilizua kelele, lakini mimi niliyekuwa nikiyanywa, yameganda kwa baridi au yamechacha kwa jua la dirishani, sikuyalilia.

Mtu aliyenifundisha historia ya mji alikuwa jirani yetu wa ukuta wa kushoto, bibi wa Kiingereza aliyeingia kiwandani akiwa na miaka 14, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati wake, na kutoka akiwa na mafao ya uzeeni. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikukunjika vizuri. Alikuwa na desturi ya kunipa biskuti na kunieleza mambo ambayo mtoto hakuyauliza. Babu zake walikuwa wafuma soksi wa kijijini, kabla ya mvuke, wakati mashini za kufuma zilikuwa za kuendeshwa kwa mikono na miguu na ziliwekwa ndani ya nyumba, dirisha refu likivuta mwanga. Baba alifuma, mama alishona mshono, watoto walizungusha uzi. Mashini yenyewe mara nyingi haikuwa yao. Waliikodi kwa tajiri, na kodi ilidaiwa hata juma lisilo na kazi. Watu wa wakati huo wakitaka kumweleza fukara wa kupindukia walisema ni maskini kama mfuma soksi. Bibi huyu alipotuona tunahamia, wazazi na watoto na furushi za nguo, nadhani aliona kitu anachokijua.

Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu likizo ya Leicester. Mwanzoni mwa Julai viwanda vyote vilifungwa kwa majuma mawili, na mji mzima ulihamia pwani ya Lincolnshire, Skegness na Mablethorpe. Treni zao ziliondokea kituo cha Belgrave Road, hatua chache kutoka kwetu. Kituo hicho kilikuwa kimefungiwa abiria wa kawaida mwaka 1953, lakini treni za kwenda baharini ziliendelea kila kiangazi hadi 1962. Sisi tulikikuta jengo tupu, leo pana supamaketi. Desturi ya likizo, hata hivyo, ilikuwa hai bado, na mwaka wa pili mwamu wake baba alitupakia wote kwenye basi la kwenda Skegness. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa darasani kwamba nitawaonyesha jinsi watu wa Mombasa wanavyoogelea. Bahari yenyewe ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na maji yalikuwa yametoka mbali mno hata tukafikiri yamekwisha. Baba alikaa kwenye kiti cha turubai na koti lake la baridi, akaangalia, akasema: "Na hawa walitawala dunia."

Mama alipata kazi ya kushona kwa mashini ya ovaloki katika kiwanda kidogo, akilipwa kwa dazeni. Alipojifungua mdogo wangu, kazi ilimfuata nyumbani: mtu wa gari alishusha mafurushi asubuhi na kuyachukua siku ya pili. Sisi watoto tulikata nyuzi na kupindua mikono ya fulana. Watoto wa Kiingereza wa mtaani walifanya yaleyale kwa mama zao, kwa hiyo haikutupitia akilini kwamba hii ni kazi ya wahamiaji. Ilikuwa kazi ya Leicester. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema mji ulitupokea kwa moyo, na wale wanaosema ulitukataa kwa chuki pia. Yote mawili yalikuwepo, nimetemewa mate na nimepewa biskuti. Lakini kilichotufanya tubaki ni mashini zilizokosa mikono.

Sasa nifike 1972, maana najua mnaisubiri. Tangazo la halmashauri lilitoka kwenye gazeti la Uganda Argus tarehe 15 Septemba. Liliwaambia Wahindi wa Uganda kwamba nyumba, shule na huduma za Leicester zimezidiwa, na kwamba kwa faida yao na ya familia zao wafuate ushauri wa bodi ya serikali iliyoshughulikia wakimbizi hao, wasije Leicester. Linalosahauliwa ni kwamba baadhi yetu tuliokwishafika tuliona lina haki yake. Baba yangu aliliunga mkono, kwa sauti, mezani. Aliogopa kwamba wakija wengi, wazungu watachoka na kutuweka sote kapu moja. Kisha ikaja habari kwamba binamu yake wa Jinja amepelekwa kambi ya Tonfanau, pwani ya Wales, kwenye mabanda ya jeshi yaliyoelekea baharini. Baba alikodi gari, akaenda kumchukua yeye, mkewe na watoto. Tulilala tumebanana hadi majira ya kuchipua. Mke wa binamu alipata kazi kabla ya koti. Karibu watu 28,000 wa Uganda waliingia Uingereza, na wale waliokuja kwetu walikuja kwa sababu ileile ya barua ya 1968: kuna jamaa, kuna kazi, kuna nyumba. Tangazo linapewa sifa kubwa kuliko linavyostahili. Husemwa hata kwamba ndilo lililowajulisha jina la Leicester, jambo ambalo kwa watu waliokuwa na ndugu huku lilikuwa kichekesho.

Kwangu mimi mwaka mkubwa ni 1974. Mei mosi, wafanyakazi wa kiwanda cha taipureta cha Imperial, pale East Park Road, waliacha kazi, wachache kwanza, kisha mamia, wengi wao Wahindi kutoka Afrika Mashariki. Waligundua kwamba bonasi ingepaswa kuanza kulipwa mtu akifikisha taipureta 168, ilhali wao walikuwa wakidaiwa 200. Chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono, kikisema hawakufuata utaratibu. Mgomo ulikwenda hadi Julai. Tulikuwa tukipita pale kutoka shule kuwaangalia, wanawake waliovaa sari chini ya makoti, wakipiga kelele kwa Kigujarati na, walipotaka kumtukana mtu asielewe, kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata kampuni mama ya Marekani ilikifunga kiwanda. Waingereza na Wahindi walitoka mlango mmoja siku moja. Mwaka 1976, katika uchaguzi wa mji, chama cha National Front, kilichotaka turudishwe tulikotoka, kilipata kama asilimia 18 ya kura. Mambo haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja, na mara nyingi hayasomwi.

Yaliyofuata yanajulikana. Maduka ya Belgrave Road yaliyokuwa matupu yakafunguliwa, moja la sari, moja la dhahabu, moja la mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu. Lile daraja la juu lililokuwa likitia giza mwanzo wa barabara lilibomolewa mwaka 2014. Corah ilivunjwavunjwa baada ya kununuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa maduka makubwa yalianza kununua nguo nchi za mbali. Sensa ya 2021 ilionyesha watu wenye asili ya Asia ni asilimia 43.4 ya wakazi. Mwaka 2022, huku mji ukiadhimisha miaka 50 ya waliotoka Uganda, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana mitaani, polisi wakijaa, na wale wazungumzaji wa raha mustarehe wakakosa la kusema.

Ushonaji wenyewe haukufa. Ulihamia kwenye vyumba vya majengo yaleyale ya zamani, karakana moja kila ghorofa, na mwaka 2020 magazeti ya nchi nzima yaligundua kwa mshangao kwamba kuna watu Leicester wanaoshona kwa malipo yaliyo chini ya kima cha chini cha kisheria. Wamegundua! Yule bibi jirani yangu angewapa tarehe yalipoanza.

Wageni hupelekwa kuona kaburi la Mfalme Richard wa Tatu, aliyepatikana chini ya maegesho ya magari mwaka 2012 na kuzikwa upya katika kanisa kuu mwaka 2015. Sina ugomvi na mfalme. Ila mgeni akija kwangu huanza naye Wigston, kusini mwa mji, ambako karakana ya wafuma soksi ilifungwa katikati ya karne iliyopita na mashini zikaachwa ndani, na sasa ni makumbusho. Unaliona lile dirisha refu, unauona mshipi wa kukanyaga, unaelewa kwa nini vidole havikunjiki. Inaendeshwa na watu wa kujitolea na haifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizieni kwanza kabla ya kufunga safari.