Mhusika mwenye nafsi tatu: anza na mikono

Dada, umeuliza utamwigizaje mshukiwa mwenye nafsi tatu katika tamthilia ya upelelezi mnayorekodi Kisumu, maana mwelekezi anataka ukodoe macho na kubadilisha sauti kila nafsi inapoingia. Mimi ningemkatalia kwa heshima.

Wataalamu wa afya ya akili wa Marekani waliacha kuiita hali hii “haiba nyingi” mwaka 1994. Nafsi hizo si watu kadhaa ndani ya mwili mmoja. Ni nafsi moja iliyovunjika, mara nyingi kwa mateso makali ya utotoni. Mabadiliko yenyewe hata jirani huenda asiyatambue. Kinachosumbua sana ni kusahau. Basi cheza hapo: ameshika kikombe cha chai, anasita, anakitazama kana kwamba hajui nani alimmiminia. Nafsi moja ipare samaki kwa mkono wa kulia, nyingine kwa kushoto, bila kusema neno. Nilijaribu hivyo jukwaani Nakuru, ukumbi ukanyamaza kabisa.

Na kwa nini muuaji awe ile nafsi “mbaya”? Tafadhali, zungumza na mwandishi. Wenye hali hii huelekea zaidi kujidhuru wenyewe kuliko kudhuru wengine, na huenda kuna mama kule Kondele atakayetazama kipindi hicho akiwa ameketi kando ya binti yake mwenye hali hiyo hiyo.