Bima ya Lori: Hesabu Huanzia Siku ya Kukata Bima

Lori likilala kwenye mteremko wa Sachang'wan, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, thadi pati haitakulipia hata taa. Bima hiyo, inayolazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya, ni ya kumfidia mtu uliyemgonga. Hasara ya lori lako inalipwa na komprehensivu, yaani bima kubwa, na hata hiyo ina masharti yake.

Kinachowaumiza wenye malori wengi ni thamani iliyoandikwa kwenye mkataba. Mtu huishusha ili premiamu, yaani ada ya bima, iwe nafuu. Tuseme lori la shilingi milioni 6 sokoni limekatiwa bima ya milioni 4, kisha likaharibika kwa milioni 1.5. Kampuni itasema ulilipia theluthi mbili tu ya lori, kwa hivyo hasara inayotambuliwa ni milioni 1. Kisha inakata ekses, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 5 ya thamani iliyokatiwa bima, laki 2 zinaondoka. Unapata laki 8, na laki 7 za gereji zinakusubiri wewe. Kupandisha thamani kupita kiasi nako ni kupoteza pesa, kwa sababu lori likiisha kabisa utalipwa bei ya soko ya wakati wa ajali. Peleka lori kwa mthamini anayekubaliwa na kampuni kila unapokata upya, na uhakikishe bodi, krini au friji uliyoongeza imeandikwa kwenye ripoti.

Soma pia sehemu ya matumizi. Bima ya kubeba mizigo yako mwenyewe ni nafuu kuliko ya mizigo ya wateja. Lori la kusomba mahindi yako kutoka Kitale likibeba simiti ya mtu kwa malipo hadi Kisumu, likapinduka njiani, kampuni ina sababu ya kukataa. Trela nayo ina namba na logibuku yake, basi isipotajwa kwenye mkataba usidhani inafuata kichwa.

Kwa wanaovuka Malaba au Busia, Kadi ya Njano ya COMESA inashughulikia madai ya watu wengine huko Uganda. Lori lako lenyewe linahitaji nyongeza ya maandishi kwenye komprehensivu. Nyongeza ya ghasia za kisiasa pia iulizie. Anayepita Kondele, Kisumu, siku za maandamano anajua mawe hayachagui kioo.

Injini iliyokufa kwa uchakavu hailipwi, wala tairi lililopasuka peke yake. Uzito uliopita kiasi na dereva asiye na daraja la leseni linalofaa (CE kwa lori lenye trela) huua madai mazima.

Ajali ikitokea, piga picha kabla gari halijasogezwa: namba, matairi, alama za breki barabarani, mzigo ulivyokaa. Chukua namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na baadaye abstrakti, yaani ripoti yao ya ajali. Maelezo ya dereva kituoni yalingane na fomu ya madai, maana tofauti ndogo ya saa au mahali inaweza kuchelewesha malipo kwa miezi. Fundi asifungue hata boliti moja kabla ya asesa, mkaguzi wa hasara, kufika. Na usikubali krini ya kwanza inayojitokeza: pigia kampuni kwanza, kwa sababu pesa za kuvuta gari zina kikomo kwenye mkataba, na kuinua lori lenye mzigo kutoka bondeni hukipita kwa urahisi.