Rangi za oili kwenye dimbwi: mafuta yamechakachuliwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki, Morogoro. Mvua ikinyesha, maji yanayotuama mbele ya kibanda changu yanatoa rangi za upinde wa mvua. Oili chafu niliyoikinga kwenye ndoo ni nyeusi tii, haina rangi hizo. Kijana ninayemfundisha kazi anasema hiyo ni dalili ya petroli iliyochakachuliwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, fundi. Mwambie kijana asimsingizie muuza mafuta. Hata mafuta safi yatakuonyesha rangi hizo, kwa sababu hazimo ndani ya mafuta. Chuchumaa kando ya dimbwi, kisha inuka polepole huku umekazia macho palepale. Utaona rangi zinahama. Rangi iliyopakwa kwenye tangi la pikipiki haihami eti kwa kuwa umesimama!

Tone la oili likidondokea majini hutandaa likawa utando mwembamba ajabu. Nuru ikiupiga, nyingine hurudi kutoka juu ya utando, nyingine hupenya, ikagota kwenye maji na kurudi imechelewa kidogo. Sasa nuru ni mawimbi. Yakikutana kilele kwa kilele, rangi hiyo hung'aa. Kilele kikikuta bonde, yanauana. Nuru nyeupe ikipokonywa wekundu, unabaki na kijani na buluu. Sogea kidogo, ambako utando ni mnene zaidi, inapokonywa rangi nyingine.

Mchezo huo unataka utando mwembamba unaokaribiana na urefu wa wimbi lenyewe. Wimbi la nuru nyekundu lina urefu wa nanomita 700 hivi, la zambarau 400 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Panga mawimbi 100 ya nyekundu, ndipo upate takriban unene wa unywele mmoja. Oili ya kwenye ndoo ina kina cha vidole kadhaa, mchezo huo hauwezekani.

Mwanasayansi Isaac Newton alizipima rangi za namna hii kwa makini sana, lakini yeye aliamini nuru ni chembechembe. Aliyetoa maelezo ya mawimbi ni Thomas Young, daktari wa tiba, mjini London mwaka 1801. (Nilipenda kuwatajia hilo wanafunzi waliodai fizikia si ya watu wa baiolojia.)

Shuleni kwetu maabara haikuwa na vifaa, nikawa natumia kikombe. Chovya mdomo wake kwenye maji ya sabuni, utoke na utando, kisha ulaze kikombe ubavu ili utando usimame wima mbele yako. Mistari ya rangi itateremka, maana sabuni inashuka na juu panazidi kuwa pembamba. Mwishowe sehemu ya juu inakuwa nyeusi. Si kwamba imetoboka: utando upo, ila wimbi linalorudi kutoka uso wa mbele hugeuzwa, kilele kikawa bonde, na la nyuma haligeuzwi. Utando ukishakonda kiasi hicho, la nyuma halicheleweshwi tena, na rangi zote zinauana kwa pamoja.

Ukiuona weusi huo, rudisha uso nyuma. Unapasuka muda si mrefu, na sabuni inachoma macho.